Sinia, Sahani Mbili na Mbao Tatu

Fundi Niachie hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mtaa, baada ya mtaa kuchoka. Ukimkuta amebeba kabati mgongoni kama konokono, ukanyoosha mkono umsaidie, anakuambia, "Niachie." Ukitaka kumshikia ngazi, "Niachie." Mkewe husema hata siku ya harusi yao, msimamizi wake alipotaka kumfunga kifungo cha shati kilichofunguka, bwana harusi alisema neno hilohilo, na akaoa shati likiwa wazi shingoni.

Si kwamba alikuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mtu mwema, mwenye kusali, na kiti alichokitengeneza ungeweza kukiachia wajukuu. Ila alikuwa na imani moja ambayo hakufundishwa katika nyumba yoyote ya ibada: kwamba kazi ikishikwa na mikono miwili inanyooka, na ikishikwa na minne inapinda.

Sasa, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake kulikuwa na mti mkubwa. Marehemu mzee aliupanda wiki aliyozaliwa binti yake wa kwanza, ambaye ndiye mke wa fundi. Siku moja upepo uliulaza chini katikati ya jiko na tangi la maji, na haukugusa hata kimoja. Mama mkwe alisimama mlangoni akautazama, akasema Mungu hauangushi mti kwa adabu namna ile bila sababu. Akaita wapasua mbao. Katika mti mzima zikatoka mbao tatu safi, zisizo na vifundo, kila moja na urefu wa mita nne na ushee, unene wa vidole vitatu, na uzito wa gunia. Zikakaa kivulini miaka miwili zikauke. Zilipokauka, akamwita mkwewe.

"Baba," alimwambia, "nataka meza moja. Urefu uwe wowote utakaotoka. Upana nitakupa mimi."

Akatoa sinia lake, lile kubwa alilokuja nalo alipoolewa. Akaliweka sakafuni, akaweka sahani moja upande huu na sahani nyingine upande ule.

"Watu wakikaa wanatazamana, sinia katikati, kila mtu na sahani yake mbele. Sahani ya mtu isining'inie. Kula sahani inaning'inia ni kula na wasiwasi. Halafu, iwe meza moja kwelikweli. Mchuzi ukimwagika juu, usinipenyee mapajani."

Fundi alishusha tepu, akapima kutoka ukingo wa sahani hadi ukingo wa sahani. Sentimita tisini na mbili. Mbao zake tatu, kila moja thelathini na mbili, zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinafika tisini na sita. Ziada ni sentimita nne za kunyooshea kingo, na hizo kwake zilikuwa nyingi kama mahindi ya mwaka wa mvua.

"Niachie, mama," akasema.

"Jumamosi nitakuja na sinia langu," akasema mama mkwe.

Mti mwingine wa namna ile hapakuwa. Aliyeupanda naye hakuwapo tena. Fundi alilijua hilo vizuri zaidi ya mtu yeyote, ndiyo maana Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha mashine alifumba macho akaomba. Aliomba apewe nguvu. Msaada hakuomba.

Mashine yake ya randa ilikuwa ya chuma, ndefu kama mtu mzima aliyelala. Ina bapa moja mbele na bapa moja nyuma, na katikati kuna mwanya ambamo visu vinazunguka. Unausimamisha ubao kwa ukingo wake, unausukuma, unapita juu ya visu, na unatokea upande wa pili ukingo umenyooka kama mstari wa daftari. Ndivyo inavyokuwa kwa ubao mfupi. Ubao unaoizidi mashine mara mbili una mambo yake. Unapoanza, mkia unaning'inia nyuma yako, basi kichwa kinainuka na kuviruka visu. Unapomaliza, kichwa kinaning'inia mbele, na sasa ni mkia unaoinuka. Visu vinakula katikati na kuziacha ncha. Ubao unatoka na tumbo lililobonyea kama la mtu aliyefunga siku tatu.

Jumatatu fundi aliamua kuwa watu wawili peke yake. Alianza nyuma, ameuegemeza mkia wa ubao kwenye paja, anasukuma. Ulipofika nusu, akauachia na kukimbia kuizunguka mashine akaupokee kichwa. Alikuwa na miaka hamsini na saba na viatu vya kandambili. Alipofika mbele alikuta ubao umesimama, maana aliyekuwa anausukuma ameondoka. Akakimbia kurudi nyuma. Mkewe alikuwa anaanika nguo uani, akamwona akipita dirishani kwenda, akipita kurudi, akipita kwenda tena.

"Baba watoto, unafukuza kuku?"

"Nafanya kazi."

"Haya. Ukimkamata utaniambia."

Jioni alisimamisha mbao mbili ukingo kwa ukingo, akainama na kuchungulia. Katikati mwanga ulipita wa kutosha kusomea kitabu. Akapima upana. Tisini na tano.

Jumanne alileta pipa. Aliliweka mbele ya mashine, juu yake matofali mawili, juu ya matofali kigoda. Kichwa cha ubao kilipofika kikakuta kigoda kimezidi juu kwa unene wa kidole, kikakipanda kama mbuzi anavyopanda kichuguu. Ubao wote ukainuka, visu vikawa vinakata hewa. Akaondoa kigoda, akabaki na matofali. Hapo ubao haukupanda, bali uliyasukuma matofali, nayo yakaanguka, moja chini na moja kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Neno alilolisema si la kuandikwa, na yeye mwenyewe aliliombea toba kabla ya chakula. Tisini na nne.

Jumatano aliingia ndani akichechemea.

"Mama watoto, ile meza yako ya kupigia pasi iko wapi?"

"Ya nini?"

"Inapanda na kushuka. Kimo chake unakichagua."

Mkewe alimwonyesha ilipo. Alikwenda kusimama kwenye mlango wa karakana na kutazama. Kwa kweli ilianza vizuri. Kimo kilikuwa sawasawa, na ubao uliteleza juu ya kile kitambaa chenye maua bila kukwama. Kisha uzito ukahama. Meza ya pasi ilitoa mlio kama wa mlango wa zamani, ikapiga magoti polepole, na ubao ukainama pamoja nayo.

Mkewe akatikisa kichwa. "Miaka minane ninayo, haijawahi kupiga magoti. Leo imeona makubwa."

Tisini na tatu na kidogo.

Alhamisi mkewe hakungoja kuitwa. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kusimama mbele ya mashine, akanyoosha mikono.

"Niach—" alianza fundi. Akaitazama tepu iliyokuwa mezani. Neno likamrudi kooni.

Basi mkewe akaupokea ubao. Lakini aliubeba ule ubao kama anavyobeba mizigo yote ya nyumba ile, kwa kuinua zaidi ya sehemu yake.

"Usiinue," alisema fundi.

"Nakupunguzia."

"Usinipunguzie. Ubebe tu."

"Kubeba bila kuinua ndiyo kubeba gani, baba watoto? Nimebeba watoto wanne, sijaiona hiyo."

Safari hii mwanga ulipita kwenye ncha badala ya katikati. Fundi alipima mara mbili, halafu akampa mkewe naye apime, kwa kuwa macho yake hayakutaka kukubali. Tisini na mbili na milimita nne.

Mkewe akaleta sinia lao la nyumbani, lililolingana na la mamaye, na sahani mbili. Akazipanga juu ya mbao zilizolazwa pamoja. Sahani ya kulia ilifika ukingoni kabisa, imesimama kama mtu anayechungulia kisima.

"Ukiendelea hivi," alisema kwa upole, "Jumamosi mama ataikalia hiyo meza. Itakuwa benchi."

Fundi akakaa juu ya pipa. Milimita nne, na kingo za kuunganisha zilikuwa nne. Kila ukingo ulikuwa umebakiwa na milimita moja. Ukikosewa mmoja tu, mti wa marehemu umepungukiwa, na hakuna wa kuukuza.

"Mtaani humu kuna mtu mwenye mikono isiyotetemeka," mkewe alisema. "Unamjua. Nami namjua, nilimbeba mgongoni."

Alikuwa anamsema mdogo wake, fundi cherehani, mwenye duka nyumba ya sita kutoka pale. Shemeji hao wawili walikuwa hawajasemeshana miaka mitatu. Chanzo kilikuwa ubao. Fundi Niachie, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, alimwomba mtu amshikie kichwa cha ubao wa fremu ya mlango, na mtu mwenyewe alikuwa huyo shemeji. Ubao ukavutwa, ukaruka, ukaharibika. Mbele ya wateja watatu fundi alisema, "Wewe mkono wako ni wa uzi. Rudi ukashone." Fundi cherehani alipangusa vumbi suruali yake, akarudi kushona. Toka hapo hata wakikaa sebule moja huzungumza kwa kumpitia dada: "Dada, mwambie mumeo anipitishie chumvi." "Mama watoto, mwambie mdogo wako chumvi iko mbele yake."

Usiku huo fundi alisali kirefu kuliko kawaida, na asubuhi ya Ijumaa akavaa viatu vya kufunga kamba. Mkewe aliviona viatu, hakuuliza.

Dukani alimkuta shemeji yake anashona turubai. Lilikuwa kubwa, zito, la kufunika lori zima, limejaa dukani hadi mlangoni. Hakuinua uso. Dada hakuwapo wa kupitishia maneno, kwa hiyo alizungumza na lile sanamu la kuvalishia nguo lililosimama pembeni yake bila kichwa.

"Mwambie fundi kiti kile pale."

Fundi alikaa. Naye akalitazama sanamu.

"Mwambie shemeji nashukuru."

Cherehani ikanguruma. Fundi alikuwa ametunga maneno yake njiani, lakini sasa yote yakamtoka kichwani, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshika kitu. Nyuma ya cherehani shemeji yake alikuwa ameweka meza pana, uso wake sawa kabisa na uso wa cherehani. Mbele, upande aliokaa, lipo benchi la kimo hichohicho, na turubai lililongoja kushonwa limekunjwa juu yake. Mzigo wote ule ulikuwa unalala, unapita chini ya sindano, unalala tena. Mikono ya shemeji haikuvuta wala haikuinua. Ilikuwa imewekwa tu juu ya turubai, kama unavyomwekea mtoto mkono kichwani akijisomea.

"Hiyo meza ya nyuma ni ya nini?" akauliza, na safari hii hakuliuliza sanamu.

Fundi cherehani akasimamisha mguu. "Ya kubebea. Nguo nzito ikining'inia inavuta sindano, mshono unapinda. Wewe unashona, yenyewe inashona kivyake." Akaigonga ile meza kwa kidole. "Uliitengeneza wewe, mwaka niliofungua duka. Umesahau?"

Fundi alikuwa amesahau. Akaikumbuka sasa: miguu ile, pembe zile alizozisugua mwenyewe kwa msasa. Miaka kumi na moja meza yake mwenyewe ilikuwa inamfundisha mshona suruali jambo ambalo yeye alilitafuta wiki nzima juu ya pipa.

"Shemeji, nina shida na hiyo meza."

"Unataka meza tu, au na mwenyewe?"

Nje mtu alipita na baiskeli. Fundi alisubiri ipite yote.

"Na mwenyewe."

"Mwenyewe mkono wake ni wa uzi."

"Siku ile ya fremu," alisema fundi, akiitazama sakafu, "mimi ndiye niliyekuambia uvute. Nilikuambia vuta, ukavuta. Ulifanya kama nilivyosema. Nimeijua siku zote hiyo."

Fundi cherehani alikata uzi kwa meno, akaukunja mdomo wa turubai vizuri, akasimama.

"Miaka mitatu," alisema, "nimekula bila chumvi kwa ajili ya neno vuta."

Kisha akashika ncha moja ya meza, na fundi akashika ya pili.

Karakanani fundi aliiweka meza mbele ya mashine, akatoa pimamaji lake. Shemeji yake hakulitazama. Alikuwa ametazama nyuma.

"Na huku unakosimama, ubao unalala wapi?"

"Juu ya paja langu."

"Basi unachoka kabla hujaanza."

Wakaburuta ile meza ya kazi ya fundi kutoka ukutani, ambako ilikuwa imesimama miaka kumi na mitano ikiitazama mashine, na mashine ikiitazama. Ilikuwa fupi. Wakaitia vipande vya mbao chini ya miguu. Ndipo fundi cherehani akatoa mfukoni kidonge cha uzi mweupe. Akampa shemeji yake ncha moja, akaivuta nyingine toka meza ya nyuma, ikapita juu ya mashine, hadi meza ya mbele, ikakaza.

"Angalia. Uzi umegusa huku, umegusa hapa kwenye chuma, lakini kule kwenye meza yangu umekaa hewani. Imeshuka unene wa kadi."

Walitia kadi. Ilikuwa ya mwaliko wa harusi ya zamani, ikafaa. Uzi ukagusa kote. Mkewe alileta kipande cha mshumaa, akasugua nyuso za meza zote mbili ziteleze, huku midomo yake ikichezacheza. Alikuwa anaomba, lakini pia alikuwa anazuia kicheko.

"Sasa sikiliza, shemeji," alisema fundi. "Usi—"

"Nisivute, nisiinue. Niweke mkono tu usianguke ubavu. Nashona turubai, mzee. Washa."

Akawasha. Ubao wa kwanza ulikuwa umelala juu ya meza ya nyuma kama mgonjwa aliyepata kitanda. Fundi aliusukuma kwa vidole. Kwa miaka thelathini alikuwa ameusukuma ubao mrefu kwa mgongo, kwa paja, kwa tumbo na kwa maombi, na kumbe ulikuwa unataka vidole. Ukapita kwenye visu, sauti ikawa moja, bila kupanda wala kushuka. Kichwa kikafika meza ya mbele, hakikuinama. Uzito ukaanza kuhama.

Hapo mkono wa fundi ukaanza mambo yake. Ukataka kuukandamiza mkia, ukataka kukimbia mbele, ukataka kuwa kila mahali. Shemeji yake akauona.

"Niachie," akasema taratibu, mkono wake ukiwa umetulia juu ya ubao. "Umeshafika kwangu."

Fundi akaulegeza mkono. Ubao ukamalizika. Chini ya mashine kulikuwa na utepe mmoja wa mbao, mrefu, usiokatika, umejiviringa kama nywele za mtoto.

Walifanya kingo zote nne, kila moja mara moja. Wakasimamisha mbao, wakainama wote watatu na kuchungulia. Giza. Mkewe alisogeza uso karibu zaidi, akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Sioni kitu," akasema.

Fundi alikaa juu ya pipa, akajifuta macho kwa kanga ya mkewe, akasema ni vumbi. Wakapaka gundi, wakakaza vibano, wakaiacha.

Jumamosi mama mkwe alikuja na sinia lake kichwani. Meza ilikuwa imeshapandishwa juu ya miguu yake uani, ndefu mpaka mbwa wa jirani akaizunguka badala ya kupita. Mama hakusalimia mtu kwanza. Alipitisha kiganja juu ya maungio, kwenda na kurudi, na mahali fulani kiganja kikasimama kidogo, kama kimekutana na mtu kinayemjua. Kisha akapanga sinia katikati, sahani huku, sahani kule.

Sinia liligusana na sahani, na sahani zikaishia pale meza ilipoishia. Kidole kisingepita, lakini hakuna kilichoning'inia.

"Imebana," alisema mama mkwe.

"Imebana, mama," alikiri fundi. "Ilikuwa na nafasi. Nimeila mimi, kwa kutaka kufanya peke yangu. Mdogo wa mke wangu ndiye aliyeiokoa."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe. Alikuwa mtu mzima, na miaka mitatu ya chumvi alikuwa ameiona yote.

"Ungesema tu, baba," akajibu. "Hizi ni sahani zangu kubwa. Ninazo na ndogo."

Mkewe fundi alilazimika kuingia ndani. Kicheko chake kilisikika mpaka jikoni na kurudi.

Walikula juu ya meza ile siku hiyohiyo, na mama mkwe aliwaketisha shemeji hao upande mmoja, bega kwa bega, chumvi akaiweka katikati yao. Baada ya chakula fundi cherehani akasema turubai la watu linamngoja na meza yake anaitaka. Fundi akainama aibebe. Alitaka kuitwika mgongoni kama kawaida yake. Akasita, akasogea kwenye ncha moja.

Mtaa mzima uliwaona wakipita nyumba sita, mmoja mbele na mmoja nyuma, meza katikati yao.

"Usivute."

"Sivuti. Wewe ndiye unasukuma."

"Mimi nimeweka mkono tu."

"Basi weka vizuri, shemeji. Unaning'inia."